Nataka prosesa ya kuovakloki: Core i5-12600K au Ryzen 5 7600?

MjenziUsiku

Wakuu habari. Najikusanyia kompyuta kipande kwa kipande, na kimebaki kitu kimoja kinachoninyima usingizi: prosesa.

Nilivyo navyo: kasha la ATX lenye feni mbili mbele na moja nyuma, pawasaplai ya wati 650, kadi ya picha Radeon RX 6600, na kipoza cha mnara chenye feni moja ya milimita 120. Mashine ninayoandikia hapa ina i5-4460, viini vinne, imefungwa kabisa, yaani kasi yake haiguswi. Miaka yote hiyo nimekuwa mtazamaji tu, nasoma nyuzi za watu wanaopandisha gigahezi, halafu nafunga kivinjari nalala. Safari hii nataka na mimi niguse, niovakloki: niipandishe prosesa kupita kasi ya kiwandani.

Kazi zangu ni gemu kwenye skrini ya 1080p, Blender usiku, na kubana video za kama nusu saa hivi.

Nimechuja hadi nimebaki na mbili. Ya kwanza i5-12600K, kwa sababu kuna jamaa yangu ana mazabodi ya B760 haijatolewa hata kwenye boksi na yuko tayari kuniachia. Ya pili Ryzen 5 7600, hapo nitaanza upya na mazabodi ya B650. Ipi inapanda zaidi? Nimesoma K inafika gigahezi 5.1 na kwamba Ryzen "haipandi". Na hiyo 5.1 nikiipata nitaiona kwenye kazi, au ni namba ya kujisifia tu?

Spana10

Chukua K mkuu, usizunguke. K maana yake imefunguliwa. Funga kipoza cha maji, weka 5.2, lala.

DadaSolda

Spana, jibu lako fupi ila litamgharimu mwenzako.

MjenziUsiku, hiyo B760 iache kwenye boksi lake kwanza. Herufi K inafungua kizidishi (namba inayozidisha mapigo ya msingi kupata kasi) upande wa prosesa, lakini kuna mlango wa pili kwenye chipseti, chipu kuu ya mazabodi, na huo Intel wameuacha wazi kwa familia ya Z peke yake. Kwa soketi ya LGA1700 ni Z690 na Z790. B760 itakuruhusu kuchezea RAM, lakini ukienda kwenye kizidishi cha viini utakikuta kimekaa pale pale kilipokaa. Utakuwa na ufunguo mkononi, kitasa hakuna. Nimeshaona watu watatu wakinunua hivyo, mmoja akalala anailaumu prosesa.

Kwa AMD mambo ni mepesi zaidi. Karibu Ryzen zote za mezani zimefunguliwa, na B650 inatosha kabisa. Ya kukwepa ni mazabodi ya A620. Zipo zilizofungwa, kama 5800X3D, kwa sababu kache yake ya ziada (kumbukumbu ndogo ya haraka) imebandikwa juu ya viini na haitaki volti nyingi wala joto. Kwenye 9800X3D ya mwishoni mwa 2024 wakaihamishia kache chini ya viini, ndipo wakafungua kizidishi.

Sasa hilo swali la "ipi inapanda zaidi". Mimi mtu wa zamani, nivumilie kidogo.

Nilianza na Celeron 300A, ile ya 1998. Megahezi 300: basi (mapigo ya msingi ya mazabodi) ya 66 mara kizidishi 4.5. Unaihamishia kwenye basi ya 100, inakuwa 450, na nyingi zilikubali bila hata kuongezewa volti. Nusu nzima ya kasi, bure. Baadaye nikawa na i5-2500K ya 2011, kwenye boksi imeandikwa 3.3, na mimi nimeitumia kwa 4.5 miaka sita bila kuigusa tena. Enzi zile kiwanda kilikuwa kinaacha nafasi kubwa juu kwa sababu hakikujua kila chipu moja moja ina uwezo gani. Kilipanga kwa ile dhaifu, zenye nguvu zikafaidika na wenye kuthubutu.

Leo chipu inajipima yenyewe mara nyingi kwa sekunde. Inaangalia joto, mkondo, viini vingapi vina kazi, halafu inajipandisha hadi inapoweza. Hiyo Ryzen 5 7600 kasi yake ya msingi ni 3.8 lakini inafika 5.1 siku ya kwanza, hujagusa kitu. Kwa hiyo anayekwambia "haipandi" hajakosea sana, ila amesahau kukwambia sababu: imeshapandishwa kabla haijafika kwako.

Na kile kidogo kilichobaki juu ni ghali. Joto la prosesa linakwenda na kasi, na linakwenda na volti mara volti. Chukua chipu iko 4.8 kwa volti 1.20. Ili ishike 5.1 inadai 1.35. Kasi umeongeza asilimia 6, joto umeongeza kama asilimia 34. Kipoza chako cha feni moja ndicho kitakachobeba huo mzigo.

Ndiyo maana siku hizi mimi naenda kinyume. Sijiulizi itapanda hadi wapi, najiulizia itasimama kwa volti kidogo kiasi gani. Kwenye Ryzen kuna kitu kwenye BIOS (menyu ya mazabodi kabla Windows haijawaka) kinaitwa Curve Optimizer: unashusha volti ya kila kiini kwa hatua, hatua moja ni kama milivolti 3 hadi 5. Chipu ikipata nafasi ya joto na umeme inajipandisha yenyewe. Ya kwangu ni 7600 hiyo hiyo. Kikomo cha umeme nimekiacha kwenye wati 88 za kiwandani, nikashusha hatua 20 kwenye viini vinne na 12 kwenye viwili vilivyobaki. Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya prosesa, kwa viini vyote ilikuwa pointi 13,900, sasa 14,600. Feni siisikii. Hayo ndiyo maovakloki yangu ya uzeeni.

Gemu kwanza fanya hivi kabla hujanunua chochote: shusha ubora wa picha na ukubwa wa picha hadi chini kabisa, tazama fremu. Zikibaki pale pale, prosesa ndiyo inayokuzuia. Zikiruka juu, kikwazo ni kadi ya picha. Kwa i5-4460 nakuhakikishia zitabaki pale pale. Kwa yoyote kati ya hizo mbili mpya, RX 6600 ndiyo itakayoishiwa pumzi kwanza kwenye gemu nyingi, na hapo 5.1 au 4.9 hutaiona.

MjenziUsiku

Shikamoo dada. Nilikuwa najiandaa kukuita mkuu, kumbe umeanza kazi hii mimi sijazaliwa.

Nimefanya jaribio. Nilikuwa fremu 58 hadi 60, nikashusha kila kitu, 61. Kwa hiyo ni prosesa. Na jamaa wa B760 nimemwambia asubiri, kanuna kidogo.

Naomba kuuliza: kuna 7600 na kuna 7600X. Kama nataka kuovakloki si bora nichukue X? Na RAM nichukue ipi, maana naona za 4800, 5200, 6000, na nina mpango wa kujaza nafasi zote nne ili zipendeze.

GiaYaTano

Samahani dada, naheshimu uzoefu wako ila naona umemzimia jamaa taa mapema. Mimi ninayo 12600K kwenye Z690, na ndiyo chipu ya mwisho niliyoifurahia kweli.

Tazama namba. Ina viini vikubwa sita na vidogo vinne. Kiini kimoja kikubwa kinafika 4.9, lakini vyote sita vikifanya kazi pamoja kiwanda kinavirudisha 4.5. Hapo ndipo pana nafasi. Mimi vyote sita viko 5.1 kwa volti 1.30, vidogo nimevitoa 3.6 nimeviweka 3.9. Ni kama asilimia 13 kwenye viini vikubwa, na kwenye Blender muda wa kurenda umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hata bila kuovakloki, kwenye kazi ya viini vingi 12600K inaiacha 7600 mbali, Cinebench R23 inazidi 17,000. Jamaa kasema Blender na video. Mbona tunamjibu kama mcheza gemu tu?

Nikiri upande wa pili: nikiisukuma inakula wati 175 na zaidi. Nilianza na kipoza cha feni moja kama chake, chipu ikafika nyuzijoto 100 ndani ya dakika moja na ikaanza kujipunguza yenyewe. Yaani nilikuwa nimeovakloki halafu naenda polepole kuliko mwanzo. Nikahamia mnara wa pande mbili wenye feni mbili, ndipo ikatulia kwenye 84. Na kwenye gemu, kwa kadi ya daraja lake, nilipata fremu 3.

DadaSolda

GiaYaTano, umesema kweli na sitabishana nawe kwenye viini vingi. Nilimjibu gemu, Blender nikaipita. Kwa kubana video kwa x264, programu inayotumia prosesa, vile viini vidogo vina msaada wa kweli.

Ila mwangalie mwenye swali. Kwa njia yako anatakiwa atafute Z690, abadilishe kipoza, na soketi ile imeishia kizazi cha 14, hakuna cha kupandia tena. AM5, soketi ya hizi Ryzen, AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na kuendelea. Na Blender, tangu toleo la 3.0 injini yake ya kurenda, Cycles, inatumia kadi za Radeon za aina yake kupitia HIP, programu ya AMD ya kuipa kadi kazi hizo. RX 6600 yake itamaliza picha wakati prosesa zote mbili bado zinahema. Kwa hiyo faida ya viini vingi inabaki kwenye kubana video. Kama video ndizo zinazomlipa, mimi mwenyewe ningemwambia achukue yako. Kama ni za kuwatumia ndugu, hapana.

MjenziUsiku, maswali yako.

7600 na 7600X ni chipu moja yenye ruhusa tofauti. X imepewa kikomo cha wati 142, isiyo na X wati 88, na X imepangwa kufika 5.3. Imetengenezwa iende hadi nyuzijoto 95 na ikae hapo, watu wanashtuka wakidhani wamefunga kipoza vibaya. Anayetaka kujifunza kuovakloki achukue isiyo na X, afungue kikomo cha umeme mwenyewe. Ukichukua X, kuna mtu kiwandani ameshakufanyia sehemu tamu.

RAM: DDR5-6000 yenye EXPO (mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya RAM, unauwasha kwenye BIOS), CL30 (namba ya ucheleweshaji, ndogo ndiyo bora) ukiipata. Hapo ndipo Ryzen 7000 inapotulia vizuri, na gemu zitakushukuru kuliko megahezi 100 za viini. Vipande viwili. Narudia, viwili. Ukijaza vinne kidhibiti cha kumbukumbu kinaelemewa. Kwa vipande vinne kasi rasmi ya AMD kwenye kizazi hiki inashuka hadi 3600. Utakuwa umepata mapambo na umepoteza karibu nusu ya kasi uliyolipia.

Mawili zaidi, maana najua utapatwa nayo. Siku ya kwanza ukiwasha, skrini itakaa nyeusi dakika kadhaa. Mashine inajifunza RAM. Usizime, usichomoe, kaa kwenye kiti utazame feni. Na kabla ya EXPO, weka BIOS mpya kwanza. Tangu 2023 BIOS za AM5 zinafunga volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) isizidi 1.3, kwa sababu kabla ya hapo baadhi ya mazabodi zilikuwa zikiwashiwa EXPO zinaipandisha zenyewe kupita hapo, na kuna chipu ziliungua.

Na popote utakapoona neno Auto mbele ya volti huku umeshapandisha kizidishi, shuka chini usome namba halisi kwenye HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine. Niliwahi kuwa na mazabodi moja, jina lake nalihifadhi, kwa Auto ilikuwa inamwaga 1.42 kwa kazi iliyohitaji 1.25. Nilidhani nimepata chipu mbovu wiki tatu nzima.

Kimyakimya

Nadandia uzi. Nimepewa ofa ya i7-13700K iliyotumika, mwenye nayo anasema alikuwa akiiovakloki "kidogo tu". Ina Z790 pamoja. Nichukue?

DadaSolda

Kizazi cha 13 na cha 14 Intel wenyewe walitangaza 2024 kwamba kulikuwa na tatizo la volti kupanda kupita kiasi na chipu kuchakaa kabla ya wakati. Dawa ni mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) inayokuja na BIOS mpya, 0x129 ya Agosti kisha 0x12B ya Septemba mwaka huo. Inazuia uchakavu, haiurudishi uliokwisha kutokea. Wameongeza pia miaka miwili ya dhamana kwa zilizohusika, kwa hiyo uliza kama bado ina karatasi zake. Kama hakuna karatasi na hajui BIOS yake ni ya lini, mwachie.

Na "kidogo tu" mwambie akuonyeshe picha ya BIOS.

GiaYaTano

Kwa hiyo moja niko na dada. Za kizazi cha 12 hazimo kwenye tatizo hilo, ndiyo maana bado nailea hii.

MjenziUsiku

Mrejesho, samahani kwa ukimya wa wiki tatu. Video ni za ndugu, kwa hiyo nilichukua 7600 isiyo na X, B650, vipande viwili vya 6000. Skrini nyeusi ilikaa dakika nne hivi na mimi nilikuwa nimeshika plagi mkononi, dada, maneno yako ndiyo yaliyonizuia.

Gemu ile ile iliyokuwa 60 sasa iko 118 na kadi ya picha inafanya kazi kwa asilimia 98. Nimeridhika. Lakini sikuishia hapo.

Nilifungua kikomo cha umeme, nikashusha Curve Optimizer hatua 30 kwa viini vyote sita kwa mkupuo. Cinebench ikapita. Nikaiacha irudie nusu saa, ikapita, 15,100, joto 83. Nikasema nimeokota chipu ya dhahabu. Usiku wake, gemu kwa muda wa saa mbili, hakuna neno. Halafu nikafunga gemu, nimekaa nasoma ukurasa wa maandishi matupu, pap, imejizima na kuwaka upya. Kesho yake tena, safari hii hata sikuwa nimeigusa, ilikuwa imekaa tu. Inawezekanaje ibebe mzigo mzima halafu ianguke ikiwa imepumzika?

DadaSolda

Karibu chamani.

Chini ya mzigo wa viini vyote, kasi inashuka kidogo na volti inabaki na akiba. Ukiwa unasoma maandishi, kiini kimoja kinaamka ghafla, kinaruka hadi juu kabisa ya kasi yake kwa sekunde ndogo, kisha kinalala tena. Pale juu ndipo uliponyima volti, na Cinebench ya viini vyote haifiki kule hata siku moja. Kwa hiyo nusu saa uliyopima, ulipima mahali pasipo na shida.

Fungua kumbukumbu za matukio za Windows utafute WHEA-Logger, rekodi ya makosa ya vifaa. Mara nyingi imeandikwa APIC ID, namba ya utambulisho ya kiini kilichoanguka. Gawa kwa mbili utajua ni kipi, ukihesabu kuanzia 0. Halafu chukua CoreCycler, inapima kiini kimoja kimoja vingine vikiwa vimelala. Iache usiku kucha.

Nabahatisha kimoja: kitakachoanguka ni kile BIOS inachokionyesha kuwa bora kuliko vyote. Kiini bora kiwandani kimeshapewa volti kidogo na kasi kubwa, kwa hiyo ndicho chenye nafasi ndogo ya kushushwa. Watu wanadhani ni kinyume.

MjenziUsiku

APIC ID 4. Kiini cha 2, na BIOS imekiwekea nyota. Dada wewe mganga.

CoreCycler ilikiangusha kwa hatua 30, 25, 20 na 15. Sasa kiko 8. Kiini cha 5 nacho kilikataa 30, nimekiweka 22. Vingine vinne vimebaki 30. Usiku wa jana imemaliza muda wa saa tisa bila kosa, Cinebench imeshuka hadi 14,950. Kikomo cha umeme nimekirudisha wati 88 nikaona tofauti ni pointi 300 tu na feni imenyamaza, nimekiacha hapo hapo.

Ile i5-4460 bado iko mezani. Jamaa wa B760 anaitaka.

Spana10

Kwa hiyo mwisho wa yote hakuna aliyeweka 5.2?

GiaYaTano

Nimeijaribu jana kwa ajili yako Spana. Iliwaka, ikafungua kivinjari, ikazima. Nina picha.